Krismasi ya Wastaafu Kando ya Rio Grande

Tarehe 14 Desemba

Tumeondoka Minneapolis saa mbili asubuhi, baridi ikiwa nyuzi 14 chini ya sifuri, baada ya shemeji kulizunguka tela mara tatu na kugonga kila tairi kwa kisigino cha kiatu, kama wafanyavyo makondakta wa mabasi ya Lushoto kabla ya kuanza kupanda mlima. Kwa kawaida yeye na dada yangu huondoka mwishoni mwa Oktoba, kabla theluji haijashika barabara, lakini mwaka huu dada alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na daktari akamtaka asubiri mpaka jicho litulie. Kuchelewa huko ndiko kulikonipa nafasi safarini, kwa kuwa tiketi aliyonikatia ilinifikisha Minnesota wiki iliyopita.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Jiografia kutoka Muheza, na msomaji atanivumilia nitakapotaja umbali na majina ya barabara, maana ugonjwa huo hauponi kwa kustaafu. Dada ameuguza wagonjwa katika hospitali za Minnesota kwa miaka 28. Mumewe, Mmarekani wa huko huko, aliendesha mabasi ya shule, na sasa ana miaka 76. Nyumba yao ya majira ya baridi ni tela la futi 32 linalokokotwa na pikapu: mna kitanda, jiko la gesi, friji, bafu, na ukuta mmoja wa sebule unaosukumwa nje kwa mota mkishaegesha, chumba kikapanuka kama droo iliyovutwa. Maji hayatumiki humo mpaka tufike kusini. Mabomba yamejazwa kimiminika cha rangi ya waridi kinachozuia kuganda, na kwa hiyo tumebeba madumu kama watu waendao shamba.

Tumelala kusini mwa Iowa, karibu na mpaka wa Missouri. Shemeji alipotoka kukagua nyaya za taa, dada aliniambia kwa sauti ya chini kwamba huenda hii ikawa safari ya mwisho ya tela hili. Mwaka jana, katika kituo cha mafuta, mumewe alikata kona mapema na kukwaruza ubavu mzima kwenye nguzo. “Yeye anasema nguzo ilikuwa mahali pabaya,” akasema. “Mdogo wangu, wewe usimwambie neno. Tazama tu.”

Tarehe 15 Desemba

Barabara kuu namba 35 inaanzia Duluth, kwenye ukingo wa Ziwa Superior, na kuishia Laredo mpakani mwa Meksiko, na sisi tunaifuata karibu yote. Leo tumevuka Kansas City na kuingia katika vilima vya Flint, nyasi tupu hadi upeo wa macho, ambako upepo wa ubavuni ulilisukuma tela hata nikaona mishipa ya mikono ya shemeji ikisimama. Hakusema kitu, lakini alipunguza mwendo, malori yakatupita moja baada ya jingine. Tumelala karibu na Wichita katika maegesho ya duka kubwa, ambalo meneja wake huwaruhusu wasafiri wa aina yetu kukaa usiku mmoja bila malipo. Tulikuta matela mengine manne. Mzee mmoja kutoka Manitoba alibisha hodi kutuuliza kama tuna fyuzi ya ziada, akaketi saa nzima.

Tarehe 16 na 17 Desemba

Oklahoma imepita nikiwa nimesinzia, na sioni haya kusema hivyo. Texas ni kubwa kiasi kwamba tuliingia jana jioni na leo jioni bado tumo njiani, tukilala nje ya San Antonio. Hapa nyuzi zimefika 17, na shemeji ametoa kimiminika cha waridi mabombani kwa maji safi, akakitazama kikimalizika kuingia katika tangi la maji machafu kwa furaha ya mtu anayefungua mfungo. Dada akapika chai ya maziwa yenye iliki kwa maji ya bomba letu wenyewe.

Tarehe 18 Desemba

Kutoka San Antonio tuliacha namba 35 na kushika namba 281 kuelekea kusini, kupitia nchi ya vichaka vya miiba na ranchi zisizoonekana mwisho, hadi mitende ilipoanza kujipanga kando ya barabara. Wenyeji wanaita sehemu hii Bonde. Kwa jicho la mwalimu si bonde, kwa sababu hakuna milima upande wowote. Ni uwanda wa mashapo ulioachwa na Rio Grande, tambarare kama meza, kwenye latitudo ya nyuzi 26 kaskazini. Wastaafu wanaohamia hapa kila mwaka kutoka majimbo ya baridi na kutoka Kanada wanaitwa kwa jina ambalo kwa Kiswahili ningelitafsiri Wa-Texas wa Kipupwe, na wenyeji hulitamka jina hilo bila kejeli, kwa kuwa maduka, mikahawa na zahanati nyingi hutegemea ujio wao.

Kambi yao ipo karibu na mji wa Alamo. Nilitarajia mahema. Nilichokikuta ni mtaa uliopimwa: barabara za lami zenye majina ya ndege, viwanja vyenye namba, na katika kila kiwanja sakafu ya zege, nguzo ya umeme yenye tundu la ampea 30 na la 50, bomba la maji na mdomo wa bomba la maji machafu. Nusu ya viwanja ina matela na magari-nyumba yanayokuja na kuondoka. Nusu nyingine ina nyumba ndogo zisizozidi futi 400 za mraba, ambazo kisheria bado ni magari kwa kuwa zimejengwa juu ya fremu yenye magurudumu, ingawa magurudumu hayo hayajazunguka tangu siku zilipoletwa.

Kurudi nyuma kuingia kiwanjani kulichukua dakika 40. Majirani sita walijitokeza kuelekeza, kila mmoja akipunga mkono upande wake, na shemeji akawa anamtii asiyeelekeza, yaani dada, aliyesimama kimya nyuma ya kioo cha kushoto. Tela liliposimama sawa, watu walipiga makofi. Kabla hatujafunga bomba, mama mmoja alileta sahani ya biskuti na karatasi yenye ratiba ya mwezi.

Tarehe 19 Desemba

Nimeisoma ratiba kama nilivyokuwa nikisoma mihtasari ya Wizara. Saa mbili asubuhi mazoezi ya viungo majini. Saa tatu kuchonga mbao, na wakati huo huo kushona mablanketi ya viraka. Saa nne ukulele, yaani gitaa dogo la nyuzi nne, kwa wanaoanza. Mchana pikoboli, mchezo unaofanana na tenisi katika kiwanja kidogo; jioni dhumna, kwaya, bingo, masomo ya Biblia, densi ya mistari ambayo watu hucheza wamepangana bila kushikana. Kila shughuli ina msimamizi, na hakuna anayelipwa. Anayefundisha ukulele alikuwa fundi bomba.

Nikiri kwamba siku ya kwanza niliwahurumia. Niliona wazee wapatao 500 bila mtoto hata mmoja wa kutumwa dukani, nikadhani nimefika mahali ambapo watu wametelekezwa na kizazi chao. Sheria yenyewe inaonekana kutaka hivyo: kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1995, makazi ya aina hii yanaweza kuwakataa watu wenye watoto iwapo angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mtu mwenye miaka 55 au zaidi. Wajukuu huja kama wageni, kwa siku zilizohesabiwa ofisini. Dada alinisikiliza, kisha akaniuliza mimi huko Muheza nilizungumza na watu wangapi kwa siku tangu nilipostaafu, ukiacha wa nyumbani. Sikumjibu upesi. Kwetu mzee huketi na watu wakamjia, lakini wanaomjia mara nyingi wana shida ya ada au ya nauli. Hapa mzee asiyeandika jina lake kwenye karatasi ya ubaoni hatajiwa na mtu, na kwa hiyo watu hawa wanaandika majina yao kwa bidii ambayo sijaiona hata kwa vijana wanaotafuta kazi.

Karibu na ubao huo kuna fremu yenye picha. Chini yake hapakuwa na maelezo. Niliona watu wakiingia ukumbini, wakisimama mbele yake kidogo, kisha wakienda kuandika majina.

Tarehe 20 Desemba

Dhumna la hapa lina vipande 91, kwa kuwa linaishia kumi na mbili kwa kumi na mbili, wakati letu la barazani lina 28. Mchezo wanaouita Treni ya Meksiko humpa kila mchezaji reli yake inayoanzia katikati ya meza, na pamoja nazo kuna reli moja ya wote. Wanacheza kwa adabu, wakiweka kipande polepole kana kwamba meza imelala. Zamu yangu ilipofika nilipata kipande kizuri na, kwa mazoea ya miaka 50, nikakibamiza mezani. Wazee saba waliruka, mmoja akashika kifua. Nilipoeleza kwamba kwetu dhumna bila kishindo ni kama ngoma bila mkono, mjane wa Nebraska aliyeketi mkabala nami alikamata kipande chake na kukibamiza kuliko mimi. Kufikia saa tatu usiku ukumbi ulikuwa ukisikika hadi kiwanja cha pikoboli.

Mjane huyo anakaa viwanja viwili kutoka kwetu. Alifiwa na mumewe mwezi wa Agosti. Walikuwa wamesafiri pamoja kwa gari-nyumba kwa miaka 14. Baada ya mazishi aliliuza, akanunua nyumba ndogo humu kambini, na mwanawe akamleta kwa ndege mwezi Novemba. Hapa kitendo hicho kina msemo wake: wanasema mtu ametundika funguo. Alipoutamka, niliona shemeji akipanga upya vipande vyake ambavyo tayari vilikuwa vimepangika.

Tarehe 22 Desemba

Jana jioni vigari vya gofu vilifanya maandamano ya Krismasi. Wazee hawa huendea kila mahali kwa vigari hivyo, hata kutupa takataka, na walikuwa wamevivalisha taa, pamba ya kuigiza theluji waliyoikimbia, na pembe za paa. Kimoja kilifanywa meli na mwanamaji mstaafu. Cha kwetu dada alikizungushia kanga mbili na taa za kijani. Hakikupata zawadi, lakini watu walisimama kusoma maandishi na kudai tafsiri, nami nilitafsiri moja na kuiacha nyingine, kwa kuwa dada hakuangalia vizuri alikuwa anamfumba nani.

Leo mchana upepo wa kaskazini umeingia ghafla. Saa saba tulikuwa na nyuzi 24; saa kumi na moja zilikuwa 7 na zinaendelea kushuka. Kambi yote ilitoka nje. Watu walichomoa mipira ya maji, wakafunga mabomba kwa taulo, kisha wakaanza kuifunika miti kwa mashuka, maana karibu kila kiwanja kina mlimau, mchungwa au mbalungi. Kazi hiyo naijua mimi, si kwa baridi bali kwa miti yenyewe, kwa kuwa mtu wa Muheza amezaliwa kwenye machungwa. Nilishika ngazi viwanja 11.

Balungi jekundu ndilo tunda rasmi la Texas tangu mwaka 1993, na Bonde hili ndilo shamba lake. Wazee wenye miaka mingi hapa walinisimulia, huku tukifunga mashuka, baridi ya Krismasi ya 1983 na ile ya Desemba 1989, zilizoua mashamba kiasi kwamba sehemu kubwa haikupandwa tena, na baridi ya Februari 2021 iliyopasua mabomba ya kambi nzima na kuangusha matunda yaliyosalia. Mchungwa ukiganda hadi kwenye shina, mkulima anasubiri miaka kadhaa mpaka mche mpya uzae, na wengi waliona afadhali kuuza ardhi. Baadhi ya ardhi hiyo ikawa nyumba na maduka. Nilijikuta namwambia mwenzangu wa ngazi kwamba Muheza hatuogopi baridi, tunaogopa dalali. Akacheka, akasema hata hapa dalali anaogopwa.

Usiku nyuzi zimefika 1. Tumelala na soksi. Matunda yamepona.

Tarehe 23 Desemba

Fundi wa kambi, mzaliwa wa hapa mwenye asili ya Meksiko, alitualika nyumbani kwao San Juan kwenye utengenezaji wa tamale. Kazi hii hufanywa kabla ya Krismasi na ukoo mzima, na inafanana na upishi wa harusi zetu kwa jinsi kila mtu anavyokuwa na sehemu yake na bibi mmoja anavyokuwa na sehemu zote. Maganda ya mahindi yalikuwa yamelowekwa tangu usiku. Unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa huchanganywa na mafuta na supu hadi ulainike, hupakwa juu ya ganda kwa mgongo wa kijiko, huwekewa nyama ya nguruwe au maharage, hukunjwa, kisha hupangwa wimawima katika sufuria la mvuke kwa zaidi ya saa moja. Shangazi wa fundi alinitoa kwenye kupaka, akasema naweka unga mwingi kama mtu asiyelipia unga, akanihamishia kwenye kukunja.

Wilaya hii ni miongoni mwa zile zenye umaskini mkubwa nchini Marekani. Fundi anakata nyasi za watu wanaolipa kodi ya kiwanja wasichokikaa miezi sita, na anajua hivyo, na wao wanajua kwamba anajua. Hata hivyo ndiye aliyekuja saa sita usiku, jana, kukagua mabomba ya mjane wa Nebraska bila kuitwa. Tuliondoka na tamale dazani tatu, na dada akamwachia shangazi pakiti ya iliki pamoja na maelezo marefu.

Tarehe 24 Desemba

Jioni tulikwenda katika basilika ya Mama Yetu wa San Juan del Valle. Kanisa la awali liliteketea Oktoba 1970, rubani mmoja alipoligonga kwa makusudi kwa ndege ndogo wakati makasisi na watoto wakiwa ndani. Yeye peke yake ndiye aliyekufa. Hili la sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Mimi ni Mwanglikana wa Magila na nimezoea zaburi taratibu, kwa hiyo tarumbeta na magitaa makubwa yalinishtua mwanzo. Maneno sikuyaelewa. Mtoto aliyekuwa mbele yangu alilala begani kwa babu yake kabla ya komunyo, mdomo wazi.

Tarehe 25 Desemba

Wapangaji wa chakula cha Krismasi walianza Novemba. Kambi hununua bata mzinga na mapaja ya nguruwe. Mengine yote hutoka kwa wakazi kwa mtindo ambao wazee wetu wangeutambua mara moja kuwa ni kikoa. Meza zina viti vinane. Kila meza ina mkuu wake, ambaye wiki mbili kabla anajua nani analeta viazi na nani haruhusiwi kuleta viazi tena kwa sababu ya mwaka juzi. Asiye na meza anapangiwa, na hili nililiona kwa macho yangu: mzee wa Saskatchewan aliyefika juzi peke yake na kujifungia garini alifuatwa na wanawake wawili wenye daftari, wakambishia hodi mpaka akafungua. Alikaa meza yetu.

Dada alipika pilau la kilo nne na kachumbari. Mgeni wetu wa Saskatchewan alilimwagia mchuzi mtamu wa krenberi, nikageuza uso, lakini alirudi mara tatu na tukasameheana.

Kabla ya kula, mkuu wa ukumbi alisoma majina ya wakazi waliofariki tangu kambi ilipotawanyika mwezi Machi. Yalikuwa saba, na picha zao ndizo nilizoziona siku ya pili. Katika kila jina alitaja namba ya kiwanja na kitu kimoja tu: huyu ndiye aliyetengeneza baiskeli za wote, huyu aliimba sauti ya besi, huyu alidanganya kwenye bingo. Watu walicheka hapo na mjane wa Nebraska akacheka kuliko wote, kwani aliyedanganya alikuwa mumewe. Nilielewa wakati huo kwa nini swali la kwanza ambalo kila mtu humwuliza mwenzake hapa ni nani amerudi. Mtaa huu hujengwa upya kila Novemba na kubomolewa kila Machi, na kila wanapoagana kuna watakaoonana tena na watakaosomwa.

Alasiri kila nyumba ilikuwa kwenye simu na watoto wa Minneapolis, Winnipeg au Des Moines. Mimi nilichelewa, saa nane mchana wa hapa ni saa tano usiku kwa saa za nyumbani, na wajukuu walikuwa wameshalala.

Tarehe 27 Desemba

Tulikwenda Progreso. Upande wa pili wa daraja, ndani ya Meksiko, kuna mji wa Nuevo Progreso, na barabara yake kuu imepangwa madaktari wa meno, maduka ya dawa na ya miwani kama Kariakoo ilivyopangwa vitambaa. Bima ya serikali ambayo Wamarekani huipata wakifika miaka 65 kwa kawaida haigharimii matibabu ya meno, na ndiyo sababu asubuhi hii nilihesabu mabasi matatu ya kambi mbalimbali yakishusha wazee waliokuwa na pasipoti mfukoni na mkono shavuni. Mimi sikuvuka. Viza yangu ni ya kuihifadhi, si ya kuifanyia majaribio, kwa hiyo niliketi upande huu nikitazama maji ya Rio Grande, mto unaoanzia katika milima ya Colorado na kufika hapa ukiwa mwembamba, rangi ya chai ya rangi iliyokaa. Dada alirudi na miwani mpya. Shemeji alirudi na kofia, na habari kwamba mpimaji wa macho amemwambia jambo ambalo hatalizungumza.

Tarehe 28 Desemba

Santa Ana, hifadhi iliyotengwa mwaka 1943, ina ekari zaidi ya 2,000 za msitu wa mtoni, na watu huvuka bara zima kuona ndege wake. Nilimwona kunguru mdogo wa kijani mwenye kichwa cha buluu ambaye ningemkataa kama mwanafunzi angemchora. Kinachonihusu zaidi nilikikuta kambini tuliporudi: bustani ya ofisi ina mimea ya jamii ya katani, na nikawasimulia watu watatu waliokuwa wakimwagilia jinsi Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alivyoleta miche ya katani Tanga mwaka 1893, ikiwa imepitia Florida, na asili yake ikiwa Meksiko, ng'ambo ya huu mto. Mmoja wao aliwahi kuuza kamba za katani kwa wakulima wa Iowa kwa miaka 20. Hakuwa anajua zilikotoka.

Tarehe 31 Desemba

Saa tisa alasiri nilipiga simu Muheza, nikawakuta wakiwa saa sita usiku, kengele zikilia. Humu ukumbini bendi ya wastaafu ilianza saa moja jioni. Saa tatu nusu ya watu walikuwa wameshakwenda kulala bila kuomba radhi. Waliobaki walishangilia mwaka mpya saa tano, pamoja na New York, kwa hoja kwamba mwaka ukishafika mahali pamoja ndani ya nchi hauna sababu ya kusubiriwa. Shemeji alicheza na dada wimbo mmoja wa polepole, akiwa amevaa kofia ya Nuevo Progreso.

Tarehe 3 Januari

Leo asubuhi shemeji aliniomba nimsaidie kuosha tela. Tulianza juu, yeye akiwa na mpira, mimi na brashi, na alipofika kwenye mkwaruzo wa ubavuni aliusugua muda mrefu ingawa si uchafu. Kisha, bila utangulizi, akasema kwamba nyumba ndogo iliyo mkabala na mjane wa Nebraska itakuwa wazi mwezi Februari, kwamba ofisi imekubali malipo ya awali, na kwamba mwezi Aprili yeye na dada watarudi Minnesota kwa ndege kama watu wengine. “Shemela,” akaniambia, kwa Kiswahili alichofundishwa na dada, “pikapu nabaki nayo.” Nikamwambia ni haki yake.

Dada hakusema lolote. Alikuwa akianika kanga kwenye kamba na aliendelea kuanika.

Saa tano tulibandika karatasi ya INAUZWA kwenye dirisha la mbele, pamoja na namba ya kiwanja, na shemeji akaweka kiti chake kivulini kando yake kusubiri wanunuzi. Wa kwanza alikuja mzee wa Saskatchewan, akaeleza jinsi alivyokwama siku tatu kwenye theluji ya Dakota Kusini akila mkate na haradali. Wa pili na wa tatu walikuja pamoja, wakabishana kuhusu njia iliyo bora ya kuvuka Kansas upepo ukivuma. Nilileta viti. Dada akaleta chai ya iliki, halafu mabalungi yaliyokatwa, halafu tamale zilizosalia. Hadi jua linazama walikuwa wamefika watu tisa kulitazama tela, na hakuna hata mmoja aliyeuliza bei.